Upepo wa Loiyangalani: Nani Hubeba Gharama na Nani Hupata Faida

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu kawi ya upepo na jua



Katika Kaunti ya Marsabit kuna swali linalosikika sana tangu mitambo ya upepo ianze kuzunguka karibu na Ziwa Turkana. Mbona stima inazaliwa hapa, inapita juu ya vichwa vya watu, inakwenda Suswa hadi Nairobi, ilhali boma lililo chini ya nyaya linalala na koroboi? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba kawi safi ni nzuri. Kawi safi ni nzuri, hilo halina ubishi. Kinachotakiwa kujulikana ni nani anabeba gharama yake, nani anapata faida yake, na nani aliyetia sahihi kwa niaba ya nani.

Upepo wa Loiyangalani si wa kubahatisha. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi huingia nchi kavu ikakuta nyanda za juu za Ethiopia upande wa kaskazini na nyanda za juu za Kenya upande wa kusini. Katikati kuna upenyo, na hewa hubanwa humo kama maji ya mto yanavyobanwa kati ya miamba, ikaongeza kasi. Waturkana, Wasamburu, Warendille na El Molo waliujua upepo huo kabla ya mhandisi yeyote kuja na kipimo. Walijua mlango wa nyumba uelekee wapi na miezi gani mbuzi wasipelekwe uwandani.

Mradi uliojengwa Sarima una mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, na jumla yake ni megawati 310. Ujenzi ulianza 2014 na mitambo ikawa imesimama yote kufikia 2017. Gharama ilipita yuro milioni 600, na wakati huo ulitajwa kuwa uwekezaji mkubwa zaidi wa kibinafsi katika historia ya Kenya. Sehemu za mitambo zilishuka bandarini Mombasa na kupakiwa kwenye malori yaliyosafiri takriban kilomita 1,200.

Inafaa yaliyo mema yatajwe kwanza, maana mzani wa upande mmoja si mzani. Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mitambo ya Sarima inapozunguka, majenereta ya mafuta ya Mombasa na Athi River huchoma mafuta machache zaidi. Mwenye kununua tokeni akiisoma ile arafa anayotumiwa ataona sehemu ya gharama ya mafuta. Sehemu hiyo hupanda jenereta zikifanya kazi sana na hushuka zikipumzika. Hiyo ni faida ya kila mteja, awe Kisumu, Lamu au Marsabit mjini.

Arafa hiyohiyo, hata hivyo, ina sehemu nyingine ya mabadiliko ya fedha za kigeni. Upepo hauuzwi na mtu yeyote, lakini mtambo ulinunuliwa kwa mkopo wa ng'ambo, na umeme wa mradi huu hulipwa kwa yuro. Shilingi ikidhoofika, kama ilivyokuwa Januari 2024 dola moja ilipofika shilingi 160 hivi, mwananchi hulipa zaidi kwa upepo uleule uliovuma jana. Wanaotangaza kwamba umeme wa upepo ni wa bure huisahau sehemu hiyo.

Faida iliyo karibu zaidi na wakazi ni barabara. Ili malori yafike, barabara ya kutoka Laisamis hadi Sarima, kilomita 208, ilitengenezwa upya. Safari iliyokuwa ikimeza siku nzima au zaidi ikawa ya saa chache. Samaki wa ziwani walianza kufika sokoni kabla ya kuharibika, na mama mwenye uchungu wa kujifungua akapata gari la kumpeleka hospitalini. Wapo wanaosema barabara hiyo ndiyo faida pekee waliyoiona kwa macho yao, na si vyema kuwacheka, kwa sababu katika nchi ya malisho barabara ni kitu kikubwa.

Kazi pia zilikuwepo. Wakati wa ujenzi watu zaidi ya 2,000 walipata kibarua. Lakini mtambo wa upepo ukishasimama hauhitaji watu wengi: mafundi kadhaa, walinzi, madereva, wapishi. Kijana aliyeacha mifugo akajenga kibanda Sarima kwa kutegemea mshahara alijikuta, baada ya 2017, hana mshahara na hana mbuzi. Kwa hiyo mwekezaji yeyote akitaja idadi ya kazi, aulizwe papo hapo: ni kazi ngapi zitabaki mwaka mmoja baada ya ujenzi kwisha, na ni za aina gani?

Sasa lile swali la nyaya. Laini iliyojengwa kutoka Loiyangalani hadi Suswa ina urefu wa zaidi ya kilomita 400 na hubeba umeme wa kilovolti 400. Laini ya namna hiyo si bomba la maji ambalo mtu anaweza kuchomeka mfereji popote inapopita. Ili umeme ushuke hadi kiwango cha taa na redio, lazima kijengwe kituo kidogo cha kupunguza nguvu, kisha nguzo na nyaya za kusambaza, na gharama hiyo haipungui hata kama boma ni kumi tu. Ndiyo maana laini nyingine kubwa, ile ya kilovolti 500 inayoleta umeme kutoka Ethiopia hadi Suswa, nayo inavuka nchi kavu ya kaskazini bila kuacha mwanga nyuma yake. Kwa miaka mingi mji wa Marsabit wenyewe ulitegemea jenereta za dizeli huku megawati mia tatu zikisubiri soko kusini. Penye miti hapana wajenzi, wahenga walisema.

Maelezo hayo ya kiufundi ni ya kweli, ila hayamalizi jambo. Bei ya umeme wa Kenya Power ni moja nchi nzima, kwa hiyo kuishi karibu na mtambo hakumpunguzii mtu hata senti. Anayepoteza malisho yuko hapa, anayepata umeme yuko kule, na wote wawili wakinunua tokeni hulipa sawa. Kama hakuna makubaliano mengine yaliyoandikwa ya kusawazisha jambo hilo, basi halitajisawazisha lenyewe.

Laini hiyo ilichelewa pia. Mitambo ilikuwa tayari 2017 lakini nyaya hazikuwa tayari, kwa sababu mkandarasi wa kwanza kutoka Uhispania alifilisika na malipo ya njia ya laini yalivutana na wenye mashamba. Umeme uliingia kwenye gridi Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba ulisema kampuni ilipwe hata kama umeme haukuchukuliwa, serikali ilikubali kulipa mabilioni ya shilingi kwa upepo uliovuma bure. Hata baada ya nyaya kufika kuna tatizo jingine ambalo mchungaji yeyote wa Loiyangalani angeweza kulisema mapema: upepo ule huvuma kwa nguvu usiku, wakati ambapo Wakenya wengi wamelala na viwanda vingi vimezimwa. Bila ya betri kubwa za kuhifadhi, sehemu ya kawi hiyo hukosa mnunuzi.

Suala la ardhi

Gharama nzito kuliko zote si ya fedha. Mwaka 2007, kabla ya kuwepo kwa serikali za kaunti, baraza la kaunti la wakati ule liliitenga ardhi ya ekari 150,000 kwa ajili ya mradi. Ilikuwa ardhi ya amana, yaani baraza liliishika kwa niaba ya wenyeji. Ilikodishwa kwa miaka 33, na kukawa na uwezekano wa kuongezewa muda. Mitambo yenyewe imesimama kwenye eneo la takriban ekari 40,000, na ndani ya eneo hilo sehemu iliyofunikwa na saruji na barabara ni ndogo sana.

Upande wa kampuni una hoja yake. Hakuna ua uliozungushwa eneo lote, na ngamia na mbuzi hulisha chini ya mapanga yanayozunguka. Ni kweli, na anayepita pale huona. Lakini anayelisha kwa ruhusa si sawa na anayelisha kwa haki. Mwenye karatasi leo ni mpole, kesho anaweza kuuza karatasi hiyo kwa mwingine asiye mpole. Na kijiji cha Sarima kilihamishwa kupisha ujenzi, ambalo si jambo la kulisahau kwa kuwa nyumba zake zilikuwa za miti na ngozi.

Mwaka 2014 baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ilisema kwamba hatimiliki zile zilipatikana kinyume cha sheria, kwa kuwa hatua zilizotakiwa kabla ya ardhi ya amana kutolewa hazikufuatwa. Mahakama ilitoa mwaka mmoja ili utaratibu urekebishwe, la sivyo hatimiliki zifutwe. Mvutano wa kisheria uliendelea baada ya hapo, na mitambo iliendelea kuzunguka. Kumbuka miaka: ardhi ilitengwa 2007, kesi ilifika mahakamani 2014, hukumu ilitoka 2021. Mtoto aliyezaliwa ardhi ilipotengwa alikuwa na umri wa miaka 14 jaji alipoisoma hukumu.

Kosa moja lililofanyika, na linaloweza kurudiwa kesho, ni kuitazama ardhi ya malisho siku ambayo haina mtu. Mtaalamu huja Mei baada ya mvua, mifugo iko mbali kwenye nyasi mpya, naye anaandika kwamba uwanda ni mtupu. Angekuja wakati wa ukame angekuta watu wa kata tatu. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na familia nyingi za Marsabit zilibaki na mifugo ya kuhesabika kwa vidole. Waliookoa wachache waliwaokoa kwa sababu palikuwa na mahali pa kukimbilia. Eneo la akiba likifungwa au likiuzwa, hasara yake haionekani katika mwaka wa mvua. Huonekana mara moja tu, na siku hiyo hakuna cha kufanya.

Yaliyotokea kwingine

Marsabit si ya kwanza. Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, kulikuwa na mradi wa mitambo 38 ya upepo, megawati 60.8. Wakulima wa pale wana vipande vidogo vya viazi na kabeji. Wengi hawakuelewa mtambo utakaa umbali gani na nyumba zao, nani atalipwa na nani hatalipwa, na walipouliza walipata majibu yaliyogongana. Kulikuwa na maandamano, na mwaka 2016 mradi ukafutwa kabla ya kutoa hata yuniti moja. Hapo hakuna aliyeshinda. Mkulima hakupata kodi ya shamba, nchi haikupata umeme, na mwekezaji akapoteza fedha.

Kipeto, Kaunti ya Kajiado, mambo yalikwenda tofauti. Mitambo 60 yenye megawati 100 ilianza kazi rasmi 2021. Ardhi ya pale ilikuwa tayari na hatimiliki kwa majina ya familia za Kimaasai, kwa hiyo kampuni haikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye ila wenyewe. Walikodisha, hawakuuza. Mifugo inaendelea kulisha. Jamii ilitengewa hisa ya asilimia 5 kupitia wakfu, na familia zilizokuwa karibu mno na mitambo zilijengewa nyumba mbali na kelele. Hata ndege walifikiriwa: tai wa eneo lile wako hatarini, na wapo watazamaji ambao kazi yao ni kuangalia angani na kuomba mtambo usimamishwe tai akikaribia. Kipeto nayo ina malalamiko yake, hasa kutoka kwa majirani ambao mtambo ulisimama upande wa pili wa mpaka wa shamba lao na hivyo hawapati kodi. Lakini tofauti kubwa kati yake na Sarima haikuwa wema wa mwekezaji. Ilikuwa ni nani aliyeshika karatasi siku ya kwanza ya mazungumzo.

Karibu na Naivasha, upanuzi wa mitambo ya mvuke ya Olkaria ulihamisha vijiji vinne vya Wamaasai mwaka 2014. Nyumba mpya zilijengwa, shule na zahanati zikajengwa, na kwenye picha zilipendeza. Malalamiko yaliyofika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya yalihusu mambo ambayo picha haionyeshi: ardhi yenye makorongo, umbali na sehemu za kazi, na hatimiliki ya ardhi mpya iliyochelewa kuhamishiwa kwa jamii. Ilibidi upatanishi ufanyike baada ya watu kuwa wamehama tayari, ambapo nguvu ya kudai huwa imepungua.

Olkaria ina jambo moja ambalo Sarima haina. Sheria ya Kawi ya 2019 inamtaka mwenye leseni ya mvuke wa ardhini kulipa mrabaha, na mrabaha huo hugawanywa: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa serikali ya kaunti na 5 kwa jamii ya eneo hilo. Kifungu hicho ni cha mvuke. Hakitaji upepo wala jua. Kwa hiyo jamii yenye upepo haina mrabaha wa kisheria wa kuusubiri, na chochote itakachopata ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake. Mradi wa Sarima una wakfu wake wa kijamii, Winds of Change, uliosaidia shule, zahanati na maji, na waliosaidiwa wanashukuru. Hata hivyo msaada ni wa mtoaji. Yeye ndiye huamua mwaka huu ni darasa au tangi, na kijiji gani. Haki huulizwa kwa kuonyesha kifungu.

Sola ya kisimani na ya nyumbani

Miradi mikubwa hutawala mazungumzo, lakini kwa familia nyingi kawi ya jua imefika kwa njia ndogo: paneli juu ya paa na pampu kisimani. Hapa faida hubaki palepale penye gharama, na pengine kwa sababu hiyo hakuna anayekwenda mahakamani. Mama aliyekuwa akinunua mafuta taa na kumlipa mwenye duka kila anapochaji simu huacha matumizi yote mawili kwa mara moja.

Hata hivyo hesabu ifanywe. Taa za kulipia kidogokidogo kwa simu huonekana rahisi. Chukua mfano wa shilingi 50 kwa siku kwa siku 400: hiyo ni shilingi 20,000, na ni busara kuuliza kifaa hichohicho kinauzwa bei gani kwa pesa taslimu. Tena muuzaji aulizwe kuhusu betri, kwa sababu paneli hudumu miaka mingi lakini betri huchoka mapema zaidi, na ikichoka usiku unarudi kuwa ule wa zamani. Betri kuukuu isitupwe karibu na kisima.

Pampu za sola ndizo zimebadilisha maisha zaidi, na ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kisima cha dizeli kilikuwa na adabu yake. Kila mwenye mifugo alilipa kwa idadi ya wanyama ili mafuta yanunuliwe, na mafuta yakiisha mifugo iliondoka, nyasi zikapumzika. Sola ilipoingia, kamati nyingi ziliona maji sasa ni ya bure na zikaacha kukusanya ada. Baada ya muda pampu huungua, fundi wa kuizamua chini ya ardhi ni ghali, na sanduku la kamati halina kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo la pili ni kwamba maji yasiyokoma hushikilia mifugo mahali pamoja mwaka mzima, na nyasi za kilomita kadhaa kuzunguka kisima hugeuka vumbi. Jua limepunguza gharama ya mafuta na kuongeza gharama ya malisho. Wazee wa malisho wakipewa nafasi ya kuamua miezi ya kufunga kisima, gharama hiyo ya pili huepukika. Ni kamati chache zinazowauliza.

Kati ya taa ya nyumbani na laini kubwa kuna gridi ndogo ya kijiji, yaani paneli na betri za pamoja zenye nguzo chache. Mradi wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliidhinishwa 2017 kwa ajili ya kaunti 14 ambazo gridi haijafika vizuri, Marsabit ikiwemo. Gridi ya namna hii huwasha friji ya chanjo, kinyozi, mashine ya kuchomelea na taa za shule. Huzimika ikiwa hakuna mwenye jukumu la kubadilisha betri, na jukumu hilo lazima liwe na jina kabla ya siku ya kuzindua.

Karatasi kabla ya barabara

Sheria ya sasa si ile ya 2007. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36, inasema makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii hayana nguvu bila kuidhinishwa na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii ulioitwa kwa ajili hiyo, na mkutano wenyewe uwe umewakilishwa na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii. Jamii yenye watu wazima 900, basi, inahitaji 600 kwenye mkutano kabla ya lolote kuamuliwa. Wazee watano waliokunywa chai na mwekezaji kwenye hoteli si mkutano. Kifungu hichohicho kinataka kuwepo tathmini ya athari za mazingira na za kijamii, fidia na mrabaha, mafunzo kwa wenyeji, na urejeshaji wa ardhi katika hali yake mradi ukiisha.

Hilo la mwisho hupitwa haraka. Mkataba wa kuuza umeme wa Sarima ni wa miaka 20. Misingi ya zege haiondoki kwa upepo. Nani ataichimbua, na pesa za kuichimbua zimewekwa wapi leo? Kampuni iliyomaliza faida yake inaweza kuwa haipo tena siku hiyo.

Kushirikishwa kwa umma si hisani pia. Juni 2019, Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kabla ya leseni kutolewa. Makaa si upepo, lakini sheria ya kushirikishwa ni ileile. Tathmini ya athari ni hati ya umma. Mkazi anaweza kuomba kuisoma, na akipewa kitabu kikubwa cha Kiingereza, anaweza kuomba aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Yote haya hutegemea jambo moja ambalo jamii nyingi bado hazijalimaliza, nalo ni usajili. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana. Kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuihamisha. Serikali ikichukua sehemu yake kwa lazima, fidia huwekwa na kaunti kwenye akaunti yenye riba mpaka jamii isajiliwe, ndipo ikabidhiwe. Jamii isiyosajiliwa haipotezi haki yake, ila mazungumzo yote hufanywa na mtu mwingine kwa niaba yake, na hilo Sarima imeshalionja.

Usajili huanza na mkutano wa jamii. Huchaguliwa kamati ya watu 7 hadi 15, jina la jamii huandikwa, kanuni hukubaliwa, na orodha ya wanajamii hutengenezwa na kupelekwa kwa msajili wa ardhi ya jamii. Orodha ndiyo kazi ngumu. Wanaosahaulika ni walewale kila mara: mjane aliyerudi kwao, binti aliyeolewa mbali, kijana aliye fora na ngamia na ambaye hatarudi mpaka mvua. Watafutwe na waandikwe kabla ya mkutano wowote na mwekezaji yeyote, maana thuluthi mbili huhesabiwa kutoka kwenye orodha hiyo.